Altezza yangu, Forester ya shemeji, na mita 200 za lami

Ukitaka kunikera asubuhi, nitumie video ya dashibodi. Mshale unapanda, muziki unapiga, nyuma kuna mtu anapiga kelele "oyaaa", halafu linakuja swali: "Dada, hii na Altezza yako nani mkali?" Sijibu. Mimi kazi yangu ni mizani. Tangu alfajiri nipo soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, napima sangara wa watu, na ninachojua ni kwamba kreti lina uzito wake na barafu ina uzito wake. Mwenye samaki angependa usahau kuvitoa, mnunuzi angependa uvitoe mara mbili. Video ya dashibodi kwangu ni sangara aliyepimwa na kreti lake.

Spidomita yenyewe imetengenezwa isome juu. Kanuni za kimataifa za magari hazikubali isome chini ya mwendo halisi, kuzidi kidogo zinakubali, basi viwanda vinaegemea huko huko kwenye kuzidi. Ukibadili ukubwa wa tairi ndiyo unaivuruga kabisa. Na simu nayo usinitolee. GPS ya simu kwa kawaida inasoma mara moja kwa sekunde, na gari likiwa kwenye 100 linakata karibu mita 28 ndani ya sekunde hiyo moja. Watu wawili wanabishana nani katangulia kwa mita tano, ushahidi wao unaruka mita 28! Sisi tulichanga tukanunua kile kidude cha GPS cha kupimia mbio, Dragy, kinasoma mara kumi kwa sekunde. Tunakihamisha gari hadi gari, kidude ni kimoja kwa wote, na hilo nalisisitiza kuliko hata ubora wake.

Sasa hadithi ya shemeji. Mimi naendesha Toyota Altezza RS200, injini 3S-GE, gia sita za mkono. Katalogi inasema hospawa 210, yaani nguvu ya injini, na zinapatikana huko juu injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Mume wa dada yangu ana Subaru Forester SG5 ya turbo, injini EJ205, hospawa 220, gia otomatiki. Ubishi wetu ulianza sebuleni kwa dada na ungeishia hapo hapo, ila mimi nikasema tukapime.

Hatupimi barabarani, tuelewane. Nyerere Road ukitoka mjini kwenda Igoma hadi Kisesa ni bodaboda, daladala, mikokoteni na ng'ombe, na kwenye makazi mwisho ni 50. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kuna vijana hawalali, wanaota zile kilomita tatu zilizonyooka juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi. Mwenye ndoto hiyo asinipigie simu. Sisi tunaomba kiwanda kimoja cha pamba upande wa Misungwi, msimu ukiwa umeisha na malori hayapo. Ndani mna lami iliyonyooka karibu nusu kilomita. Mita 200 za kukimbia, zinazobaki ni za kusimama. Na getini kuna kitu kinachonifurahisha mimi kuliko lami: mizani ya malori.

Kila gari linapita mizani kwanza, dereva akiwa ndani, mafuta yalivyo, tairi la akiba na jeki ndani kama unavyotembea nalo siku zote. Mizani ile inasoma kwa hatua za kilo 20, inatutosha. Altezza ikasoma 1,440. Forester 1,520. Shemeji alitaka kushusha viti vya watoto, nikamwambia, "Shem, watoto unawabeba kila siku, viti vinabaki." Akanuna, vikabaki. Ukigawanya uzito kwa hospawa za katalogi, Altezza inabeba kilo 6.86 kwa kila hospawa moja, Forester kilo 6.91. Kwenye karatasi tunalingana, tena mimi namzidi kwa unywele.

Lami haikukubali. Alinitangulia. Mbio zote za asubuhi ile alinitangulia, na mwendo wake wa mwisho, pale mita 200 zinapoishia, ulikuwa kilomita 113 kwa saa wakati mimi nipo 109.

Shemeji alishangilia kama Kirumba siku ya Simba na Yanga, na nilimwacha, maana jibu nililijua kabla hatujatoka nyumbani. Ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa tunayovuta hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 12. Mapafu yetu yamezoea, injini haizoei. Injini isiyo na turbo inakula hewa inayoikuta, ikipungua asilimia 12 na nguvu inapungua hivyo hivyo. Zile 210 zangu hapa Mwanza ni kama 185. Yeye ana turbo inayoisukuma hewa ndani kwa nguvu. Inazunguka kwa kasi zaidi kufidia, inapata joto zaidi, lakini inafidia sehemu kubwa. Piga tena hesabu: mimi sasa nabeba kilo 7.8 kwa hospawa, yeye bado anakaribia zile 6.9 zake. Magari haya haya mawili yateremshe Tanga au Dar, ubishi unaanza upya. Yapandishe Mbeya, kule mita 1,700, hata sitasumbuka kuwasha.

Kwa hiyo mtu wa Dar anayenitumia muda wake ajilinganishe na mtu wa Mwanza, mimi naona anajisumbua. Na wapo wanaopeleka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, wanarudi na karatasi imeandikwa namba "iliyosahihishwa" kwa hewa ya pwani. Kwa injini ya kawaida sahihisho hilo lina maana. Kwa turbo ambayo ilishajifidia yenyewe, unamwongezea mtu hospawa za bure.

Kwa nini naangalia mwendo wa mwisho badala ya nani kafika kwanza? Kwa sababu mwanzo ni wa tairi na mguu. Forester inasukuma kwa magurudumu manne, inang'ata lami na kuondoka. Altezza inasukuma kwa ya nyuma, ukikosea klachi unaacha moshi na mwenzako keshaondoka. Hiyo yote inaingia kwenye muda. Kwenye mwendo wa mwisho haingii sana. Ukitaka kujua injini inafanya nini, soma ile namba ya mwisho, na uisome kwa heshima, maana ni namba bahili. Nishati ya gari inapanda kwa mraba wa mwendo, na anayekwenda haraka anazimaliza zile mita kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo nguvu inakwenda kwa mchemraba. Chukua 113 gawanya kwa 109, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe mara tatu: unapata 1.11. Kilomita nne tu za tofauti, na ni asilimia 11 ya nguvu kwa uzito. Karibu kabisa na ile hewa tuliyokosa. Sijidai hesabu imetoka kamili, otomatiki yake nayo inameza kidogo njiani, lakini nilitabasamu.

Ndiyo maana mtu akiniambia kaongeza hospawa 30 huku mwendo wake wa mwisho uko vile vile, namtazama tu.

Kuna kijana wa Mark X, ile ya lita 2.5 yenye hospawa 215. Kafunga egzosi jipya na rimu za inchi 19, gari linanguruma hadi kuku wa jirani wanahama. Akaja kiwandani amejaa majigambo. Mwendo wa mwisho ukatoka chini kuliko alivyotarajia, akalaumu kidude. Nikamwambia, "Mdogo wangu, umebadili vitu viwili, utajuaje kipi kimekula na kipi kimeleta?" Rimu zake za zamani zilikuwa kwenye buti la Forester, shemeji alikuwa anamhifadhia. Tukafunga za zamani, akakimbia. Tukarudisha za 19, akakimbia tena. Asubuhi hiyo hiyo, hewa ile ile, dereva yule yule. Na za zamani gari lilikuwa na kasi zaidi waziwazi, na zile kubwa likarudi kule kule chini. Hapo hakuna wa kubisha, maana umekwenda na umerudi. Ya egzosi hatujui mpaka leo. La zamani alishaliuza.

Tunakimbia mapema, kabla jua halijakaa vizuri. Asubuhi hewa ni baridi kidogo, injini zinapenda, na upepo wa ziwa haujaamka. Mchana ukianza kuvuma unampa mtu zawadi akienda huku na kumdai akirudi. Kwa hiyo kila gari linakwenda na kurudi, tunachukua wastani, na mteremko nao unajifuta hapo hapo. Mlinzi wa kiwanda ndiye anayetupungia kofia. Babu yule ukimwamkia "Shikamoo" anakuitikia "Marahaba", halafu anakuuliza mafuta ya asubuhi yote hii yangelima ekari ngapi.

Wapo wanaopenda ile ya kuanza mkiwa mnatembea, ubavu kwa ubavu, honi tatu halafu kila mtu akanyage. Tamu, na inaondoa mambo ya klachi. Lakini chunga nani anapanga mwendo wa kuanzia, huyo ndiye anayepanga mshindi. Niambie tuanze na 60, mimi niko gia ya pili, injini ipo kwenye mizunguko 4,500, imeamka. Niambie tuanze na 40 na kila mtu awe gia ya tatu, Altezza ipo elfu mbili na kidogo, imelala fofofo, na turbo ya mwenzangu inaanza kupuliza mimi bado nangoja. Shemeji anapendekeza 40 kila mara. Nami napendekeza 60. Tumekubaliana kila mmoja achague mara moja, na kila mmoja anashinda aliyoichagua.

Sasa amejitokeza wa Impreza STI kutoka Shinyanga, anasema gari lake lina 280 na tusimpotezee muda. Namba hiyo nayo ina historia. Kuanzia 1989 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya hospawa 280, na hadi 2004 gari kali la Kijapani likiandikwa 280 hujui kama ndizo zilizopimwa au ndiyo adabu tu mbele ya wenzake. Tena zile STI zilipangwa kwa petroli ya kwao ya oktani 100, yaani isiyolipuka ovyo kabla ya wakati wake. Ukitia yenye oktani ndogo injini inaanza kugonga, kontroboksi, ile kompyuta ya injini, inasikia na kuchelewesha cheche za plagi, na hospawa zinaondoka bila kuaga. Bado ana gari kali, sikatai. Nimemwambia aje na tairi la akiba lake ndani, apite mizani, tupime upepo wa tairi pamoja, akimbie pande zote mbili. Amejibu kwa emoji ya kucheka. Nimeichukulia kama ndiyo.

Shemeji anaona haya yote ni kelele za mwanamke aliyeshindwa. Kwake mshindi ni aliyefika kwanza, basi, hayo mambo ya mchemraba nikamfundishe dada. Kwenye dau letu la sato sibishani naye: aliyechelewa ndiye anayelipa, na siku ile nililipa, wawili wakubwa wa kuchoma na ugali, na yeye akaagiza soda ya pili kwa hesabu yangu. Nilimwambia mwezi wa kumi na mbili nikishuka Tanga kwa likizo aje na Forester yake.