Thelathini na Kumi na Tatu

Jumanne usiku

Leo katika Gredi ya Pili niliuliza swali ambalo nimeliuliza miaka yote: "Which is greater, thirteen or thirty?" Msichana wa dawati la mbele, ambaye nyanya yake huuza omena, yaani dagaa, kule Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria mjini Kisumu, alinikazia macho kisha akasema, "Mwalimu, si ni kitu kimoja?" Wenzake wakaitikia kwamba ni kimoja.

Zamani ningeandika kwenye daftari langu kwamba mtoto huyu hajui kulinganisha namba. Leo niligeuka nikaandika 13 na 30 ubaoni, nikampa chaki. Hakusita hata kidogo. Aliizungushia 30 duara, akasema, "Hii imeshinda."

Kumbe namba anazijua. Ni sikio lililokosa kuzitenganisha, na haki yake. Kwa Kiswahili huwezi kuchanganya kumi na tatu na thelathini. Kwa Kijaluo, lugha ya kwao nyumbani, ni apar gadek na piero adek: kumi unaisikia, tatu unaisikia, makumi matatu nayo yako wazi. Kiingereza kimeiweka tofauti yote mkiani mwa neno, nami huongea haraka.

Lakini lililonikaa moyoni hadi saa hii ni lile "imeshinda". Kwa Kijaluo, kitu kikiwa kikubwa kuliko kingine basi kimekishinda: loyo. Ni neno lile lile watoto hawa hupiga nalo kelele timu ya soka ya Gor Mahia ikitoka na ushindi, "Gor oloyo!" Kiswahili nacho kina kuzidi: thelathini inazidi kumi na tatu. Kuna anayezidi na kuna anayezidiwa, na mtoto wa miaka saba ameyajua hayo tangu siku alipopewa mandazi mawili, kakake akapewa matatu. Kiingereza hakisemi hivyo. Kinaongeza -er nyuma ya neno, halafu kinaweka than, kijineno ambacho darasa langu hukimeza kizima. "Thirty is great thirteen," wananiambia, nami siku zote nimekuwa nikisahihisha hesabu ambayo haikuwa na kosa.

Baada ya mapumziko nilifunga kitabu, nikatoa vijiti. Fungu moja la kumi na vijiti vitatu huku, mafungu matatu ya kumi kule. Tukasema kwanza kwa Kiswahili ni ipi inayozidi. Mvulana mmoja akasema kwa Kijaluo, nikamwacha aseme. Kisha nikawapa sentensi moja tu ya Kiingereza, ile ile, kwa sauti ya polepole: "Thirty is more than thirteen." Kwenye than tunagonga dawati. Kwenye -teen tunavuta sauti na kunyoosha mkono mbele, kwenye -ty tunaukata. Tulirudia mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia.

Ile hadithi ya mdomo wa mamba, kwamba alama ya kulinganisha ni mdomo unaofunguka kuelekea namba kubwa ili uile, nimeamua kuiacha. Wiki jana mtoto aliandika 4 < 9 vizuri kabisa, na meno akayachora. Nilipomwomba anisomee alisema, "Mamba anakula tisa." Alama ilikuwa sahihi, ila hakuwa na sentensi ya kuisoma. Mwaka 1557 Robert Recorde, mtu wa Wales, alichagua mistari miwili iliyo sambamba kuwa alama ya usawa, kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyolingana kuliko hiyo. Basi nami nikalaza vijiti viwili sambamba juu ya dawati: sawa na sawa. Nikabana ncha za upande mmoja zikagusana. Wao wenyewe wakaniambia upande ulioachana ni wa namba inayozidi, na ncha iliyobanwa ni ya inayozidiwa.

Sera ya elimu hapa Kenya inasema tangu chekechea hadi Gredi ya Tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, kisha Kiingereza kichukue nafasi Gredi ya Nne. Lakini kitabu cha hisabati walichonacho mikononi ni cha Kiingereza, kwa hiyo wengi wetu huanza na Kiingereza siku ya kwanza, tukihofu watoto wasije wakaachwa nyuma. Inaniuma nikifikiria ni wangapi nimewaacha nyuma kwa hofu hiyo hiyo. Mtoto anayejua kwamba gorogoro moja ya omena, ule mkebe mkubwa wa kupimia sokoni, inazidi mikebe miwili midogo hana haja ya kufundishwa kuzidi. Ana haja ya kupewa maneno ya kulisemea jambo hilo upya.

Jioni, langoni, yule msichana alinikimbilia. Aliuangalia mkoba wangu, akauangalia wake, akavuta pumzi: "Mwalimu, your bag is more than my bag." Na kwenye than akagonga mkoba wake kwa kiganja.

Sikumkatiza. Nilimwambia asante, nikamwambia pia kwamba kesho tutatafuta neno la ukubwa, maana more tumelitumia kwa vitu tunavyohesabu. Nimeshatenga mawe makubwa matatu na kokoto kumi na mbili. Nitawauliza wapi kuna vingi, kisha wapi kuna vikubwa, kwa Kiswahili kwanza.