Roma na kundi la vijana

Jana kundi letu lote la vijana tumeizunguka Roma kwa miguu toka asubuhi, na kusema kweli Colosseum, ule uwanja wa michezo wa kale, ni kubwa kuliko picha zote, ilizinduliwa mwaka 80 baada ya Kristo na bado imesimama. Ila moyo wangu umebaki Pantheon, lile hekalu la kale, aisee! Unaingia, unainua shingo, unaona kuba la zege lina tundu katikati, upana kama mita 9 hivi, halina kioo wala nini, mwanga unashuka duara zima unatembea ukutani taratibu, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani yanatoka kupitia vitundu vya sakafuni. Hata wale wa selfi walitulia. Jioni chemchemi ya Trevi, watu wamejaa balaa, tukarusha sarafu tukasepa, kesho treni ya Florence.