Wakulima wa Visby waliozikwa na dirii zao

Kuna fuvu moja kwenye makumbusho ya historia hapa Stockholm, mwenzenu kila nikilitazama naishiwa maneno. Bado limevaa kofia ya dirii, yaani vazi la chuma la kujikinga vitani (wasomaji wa Waefeso mnaikumbuka dirii), vipete vidogovidogo vya chuma vimeshikana kama wavu, kutu imevigandisha na mfupa. Kati yako na yeye ni kioo tu.

Alikufa tarehe 27 Julai 1361 nje ya ukuta wa Visby, mji wa kisiwa cha Gotland hapa Sweden, siku mfalme Valdemar wa Denmark alipokuja na jeshi lake la watu waliozoea vita. Sasa kinachoniuma, waliotoka kumzuia walikuwa wakulima, na kati yao kuna vijana wadogo kabisa, wazee, hadi walemavu, na wenyeji wa mjini wakafunga malango wakabaki ndani, wenzao wakauawa pale nje kama 1,800 hivi, alafu mji wenyewe ukajisalimisha.

Kuanzia 1905 hadi 1930 makaburi yakachimbwa, ikapatikana mifupa ya watu 1,185. Enzi hizo dirii ilikuwa mali ya bei, wafu walikuwa wanavuliwa kila kitu, ila wataalamu wanasema joto la Julai liliwahi, miili ikaharibika, wakafukiwa na walichovaa. Ndo maana leo tunaona makoti yao, vibati vya chuma vilivyopigiliwa ndani ya koti, koti limeoza vibati vimebaki, na glovu za chuma zenye vipande vya kila kidole. Mengi yalikuwa ya kizamani hata mwaka ule. Na miguuni wengi hawakuwa na kinga, miundi imejaa alama za upanga, yaani adui alikuwa anakata chini, mtu akidondoka anamaliziwa kichwani. Kuna mfupa mmoja nimeuangalia muda mrefu sana, pale pa kukatwa pamenyooka kama ubao uliopitishwa msumeno.

Mwaka huu nikapanda feri kutoka bandari ya Nynäshamn, masaa matatu na ushee baharini, nikaenda palepale. Kuna msalaba wa jiwe una maandishi ya Kilatini, unasema mbele ya malango ya Visby Wagotland waliozikwa hapa walianguka mikononi mwa watu wa Denmark, waombeeni. Nikavua kofia nikawasalia Baba Yetu na Salamu Maria, kwa Kiswahili, taratibu, mpaka mwisho.