Subui Tatu za Nyumba

Usiku ule wa Desemba 2012, baada ya swala ya isha, nilikuwa nimeketi juu ya baraza ya mawe katika daka (kiingilio) la nyumba moja kongwe mtaani Mkomani, mjini Lamu, nikiwa nimepakata bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa kumi na moja zilizotuchukua miezi minne kuziandika, mimi na mwenzangu aliyekuwa mwalimu wa fizikia, nazo zilieleza jinsi tulivyotaka kufungua kituo cha hisabati kwa wanafunzi wa sekondari wa visiwa vyetu na kwa walimu wao. Nyumba tuliyoitaka ndiyo hiyo tuliyokalia baraza yake. Aliyeishi humo alikuwa mzee mgane wa karibu miaka themanini, ambaye mtaa mzima ulimwita Maalim kwa kuwa alisomesha elimu ya mirathi tangu sisi hatujazaliwa. Upepo wa kaskazi ulikuwa umeanza, na muuza kahawa alikuwa ameshapita mara moja.

Fikra ya kituo hicho niliitoa Muizenberg, kitongoji cha pwani karibu na Cape Town, nilikosoma kuanzia mwaka 2009 hadi 2010 katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, ambayo watu wengi huijua kwa kifupi chake, AIMS. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazazi wake walifungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi, na ambaye utotoni aliishi Kenya na Tanzania pamoja nao kabla familia haijahamia Uingereza. Mwaka 2008, alipopewa tuzo ya TED, alitamka tumaini lake kwamba tutaishi kumwona Einstein wa Kiafrika, na azma ikawa kueneza vituo 15 vya namna hiyo barani. Cha Senegal kilifunguliwa mwaka 2011, na cha Ghana mwaka huo huo wa 2012 ninaousimulia.

Jengo la Muizenberg lilikuwa hoteli zamani, hatua chache kutoka ufukweni. Kozi zilipangwa kwa vipindi vya wiki tatu tatu, na wahadhiri waliotoka vyuo vikuu vya mbali walilala jengo lile lile tulilolala sisi na kula katika ukumbi tuliokula sisi. Chumba cha kompyuta hakikufungwa mchana wala usiku. Katika wiki zangu za mwanzo nilikuwa nikinyamaza darasani, kwa sababu nilidhani wenzangu waliotoka Sudani, Madagaska na Nijeria wameelewa kila kitu, na kwamba mtoto wa Lamu ndiye peke yake aliyebaki nyuma. Siku moja, baada ya mhadhara wa nadharia ya uwezekano, mhadhiri aliweka sahani yake karibu na yangu wakati wa chakula cha usiku na kuniuliza ni mstari gani ulionipotezea njia. Nikamwonyesha. Alipoanza kuueleza, wanafunzi wanne walisogeza viti vyao, na wote walikuwa wamepotea pale pale nilipopotea mimi. Tulimaliza saa sita za usiku, sahani zikiwa bado mezani, na tangu siku hiyo sikunyamaza tena.

Niliporudi nyumbani kufundisha, jambo hilo ndilo nililolikosa kuliko jengine lolote. Kengele ililia, wanafunzi wakaondoka na maswali yao, na kesho yake tulianza mada mpya. Wakati huo huo, tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudani Kusini pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, na kila baraza mjini ikawa inauliza ni vijana wa wapi watakaoendesha mitambo yake na kupima kina cha maji yake. Niliamini, na ninaamini hadi leo, kwamba mtoto asiyeijua hisabati vizuri angeishia kuitazama bandari hiyo kutoka ng'ambo ya mkono wa bahari. Tuliiandikia ofisi moja tukiomba msaada. Ikatujibu kwamba Lamu iko mbali mno, na kwamba kituo cha ubora hujengwa palipo na chuo kikuu. Jibu hilo liliniuma sana, kwa sababu mji huu umepokea wanafunzi wa dini kutoka pembe zote za Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja. Waliokuja kusoma Riyadha, msikiti na chuo cha dini, tangu enzi za mwanzilishi wake Habib Swaleh hawakuambiwa kwamba Lamu iko mbali.

Ndipo tukaamua kuanza na kile ambacho mji wenyewe ungeweza kutoa, na hivyo tukajikuta barazani kwa Maalim.

Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Aliiweka kando bila kuifungua.

“Nambiya kwa kanwa, mwanangu,” alisema. “Karatasi nitaisoma kesho kwa mwangaza wa jua.”

Nikamweleza kwa urefu, tangu Muizenberg hadi ile ofisi, na nikamtajia kompyuta kumi na mbili, projekta, ubao mkubwa, na ratiba ya kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza, hakusema lolote juu ya kituo.

“Mwanamke amekufa,” alisema. “Hana mtoto, hana baba, hana mama, hana ndugu wa kiume. Amewata mume, na dada zake wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Wagawiye.”

Mafungu yenyewe niliyajua tangu utotoni, chuo cha Kurani. Mume ambaye mkewe amekufa bila mtoto hupata nusu, na dada wawili hupata thuluthi mbili. Nilitoa kalamu na kuandika nyuma ya risiti: nusu ni tatu katika sita, thuluthi mbili ni nne katika sita, na jumla yake ni saba katika sita. Nikatazama nilichoandika. Mali ni moja, nami nilikuwa nimegawa zaidi ya moja. Nikadhani nimekosea fungu, nikarudia, na jibu likawa lile lile. Mwenzangu aliinama juu ya bega langu naye akahesabu kwa vidole.

Sikuwahi kufundishwa jambo hili kwa jina lake. Lakini uwiano ulikuwapo mbele ya macho yangu: tatu kwa nne. Ikiwa haki ya kila mmoja haiwezi kutimia yote, basi wote wapunguziwe kwa kipimo kimoja, ili yule mwenye tatu asimdhulumu mwenye nne wala mwenye nne asimdhulumu mwenye tatu. Kwa hiyo mali igawanywe mafungu saba badala ya sita.

“Mume apate subui tatu,” nilisema, “na kila dada subui mbili.”

Maalim alifumbua macho. Akatueleza kwamba hiyo huitwa auli, na kwamba suala la mume na dada wawili lilifikishwa kwa Sayyidna Umar wakati wa ukhalifa wake, akataka shauri kwa masahaba, na kukubaliwa kuwa upungufu uwaenee warithi wote kwa kadiri ya mafungu yao. Nami nikamweleza nilichokuwa nikikijua upande wangu: kwamba Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu ambacho kutoka jina lake dunia ilipata neno aljebra, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kufafanua hesabu za mirathi na wasia. Mzee alifurahi sana kusikia hayo, akaniuliza mara mbili tatu kama nina hakika. Ilikuwa furaha yangu pia, kwa kuwa darasani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba aljebra ni elimu yao, nao hawakuniamini. Lugha yetu wenyewe imetuhifadhia majina ya sehemu tangu nusu, thuluthi, robo na humusi hadi sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri, na vitabu vya shule vimeacha karibu yote.

“Basi aliyekufa ni mke wangu,” Maalim alisema kwa utulivu, “na alichowata ni nyumba hini. Mimi mwaniomba nyumba, nami nina subui tatu tu. Nne zilizosalia ni za shemeji zangu. Mmoja yuko Mombasa. Mwengine atusikia.”

Kweli alikuwa akitusikia. Juu yetu, wikio lilivuka kichochoro kuunganisha nyumba hiyo na ya pili, na kwenye dirisha lake sauti ya mwanamke mtu mzima ilitusalimu. Tuliinuka tukamwamkia shikamoo bila kumwona.

“Nimesikia habari ya kompyuta,” alisema Bibi. “Sijasikia habari ya chakula. Mtoto wa Kizingitini mutampa nini? Na atalala wapi?”

Nilijibu kwamba wanafunzi wangekuja na kurudi siku hiyo hiyo. Maalim akatikisa kichwa. Mashua ya Kizingitini na ya Faza, miji ya kisiwa cha Pate, alisema, hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hauna maji kila saa. Nahodha hangoji kengele ya mwalimu, hungoja maji yajae, na maji leo yakijaa saa kumi, kesho yatajaa saa kumi na dakika hamsini hivi. Ratiba yangu ya kila Jumamosi saa ile ile ilikuwa imeandikwa kana kwamba visiwa vyetu havina bahari. Mtoto angefika somo likiwa limekwisha, au angeachwa na chombo na kuzagaa gatini usiku.

Nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima katika taasisi iliyowekwa ndani ya hoteli, mahali palipojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu kulala na kula, na bado nilipokuja kuiiga nikachukua kompyuta zake nikaacha vitanda vyake na meza yake ya chakula. Yule mhadhiri aliyesogeza sahani karibu yangu asingenipata kama jioni ile ningekuwa nimepanda treni kwenda zangu. Hilo nilimwambia Maalim waziwazi, na nikamwambia pia kwamba mpango uliomo ndani ya bahasha haukufaa, asijisumbue kuusoma.

Simu ikapigwa Mombasa usiku huo huo. Dada yake Bibi aliuliza maneno machache, kisha akasema kwamba hauzi fungu lake wala halitoi, lakini ruhusa ya ghorofa ya juu kwa likizo zote za shule za miaka miwili ameitoa, kwa sharti kwamba wasichana nao wasome, tena walale upande wa dada yake, ng'ambo ya wikio, chini ya jicho lake. Maalim alikubali kwa subui zake tatu na Bibi kwa mbili zake. Likizo badala ya Jumamosi lilikuwa pendekezo la Bibi, na lilikuwa bora kuliko lolote tuliloliandika sisi kwa miezi minne, kwani mtoto akishafika atakaa wiki mbili, na mwalimu atakaa naye.

Tulipanda juu na taa ya mkono. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na boriti hizo hazizidi sana mita mbili na nusu au tatu. Nilikuwa nimelisikitikia jambo hilo, kwa kuwa ubao ungekuwa mbali na wanaokaa nyuma. Maalim aliuegemeza mkono wake ukutani, chini ya zidaka, akaanza kupima kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, huku mwenzangu akihesabu kwa sauti. Urefu wa msana, yaani chumba hicho kirefu, ulikuwa dhiraa kumi na nane, na upana sita. Godoro moja lina urefu wa dhiraa nne, kwa hiyo likilazwa kukingama chumba, zitabaki dhiraa mbili za kupitia miguuni. Kwa upana likihesabiwa dhiraa mbili pamoja na nafasi ya kuweka madaftari, wavulana tisa wangelala pale.

Bibi alipima upande wake mwenyewe na kutuletea hesabu kwa sauti kutoka ng'ambo ya wikio: chumba chake ni kifupi kwa dhiraa mbili. Wanane, nikasema. Nikaitoa karatasi ya bajeti ndani ya bahasha, nikaiweka juu ya kizingiti cha mlango, nikafuta projekta na kompyuta nane kati ya kumi na mbili, na juu yake nikaandika: magodoro 17, sufuria kubwa 2, mchele.