Siku moja maishani mwangu: kliniki ya figo, Tabora

Saa 1:30 asubuhi nilipofika kliniki, mabenchi yalikuwa yamekwishajaa, na baadhi ya wagonjwa walikuwa wametoka Urambo na Sikonge tangu alfajiri. Wengi wana kisukari au shinikizo la juu la damu. Kreatinini, taka ya misuli tunayoipima kwenye damu yao, huchelewa kutoa taarifa, kwani figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla haijapanda kwa kiasi cha kumshtua mtu. Hadi saa 4 nilipima presha, nikaangalia protini kwenye mkojo na kubadilisha dozi.

Saa 4:15 aliingia mama aliyerudi kutoka Dodoma na diski ya picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Hayo meupe ndiyo ugonjwa wenyewe?"

Ndiyo hayo. Figo zote mbili zilijaa vifuko vya maji vinavyong'aa, ugonjwa wa kurithi uliomuua baba yake. Kreatinini yake bado ni ya kawaida, lakini ujazo wa figo, unaopimwa kipande kwa kipande kwenye picha hizo na kulinganishwa na urefu na umri wake, unaonyesha kwamba ugonjwa unakwenda mbio. Kwa ugonjwa huu MRI inatuonyesha mapema tunakoelekea, na ndiyo maana sikujuta kumtuma mbali. Tulikubaliana kuibana presha yake na kuwapima watoto wake.

Saa 6 mchana daktari mwenzangu alinipigia simu akitaka MRI yenye dawa ya gadolini, inayodungwa ili picha zionekane vizuri zaidi, kwa mgonjwa ambaye figo zake zinachuja mililita 18 tu kwa dakika. Tangu mwaka 2006 dawa hiyo imehusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa watu wa hali kama hiyo. Aina za sasa ni salama zaidi kwa mbali, lakini nilimsihi aanze na picha zisizo na dawa, kwa kuwa huenda zikajibu swali lake.

Saa 8 niliwafundisha madaktari walio mafunzoni. Mashine hiyo hiyo ya MRI inaweza kupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya figo, mwendo unaozuilika makovu yanapoongezeka, na inaweza pia kukadiria oksijeni kwenye tishu bila sindano. Natamani sana vipimo hivyo vitufikie, ingawa bado ni vya watafiti zaidi, kwa sababu namba hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine, na hata kwa maji aliyokunywa mgonjwa.

Saa 10 jioni mzee mmoja aliomba naye aandikiwe MRI, kwa nauli aliyokuwa ameikopa. Ultrasaundi ilikuwa imeshaonyesha figo mbili zilizosinyaa, zenye tabaka la nje jembamba, na hakuna picha ambayo ingebadilisha matibabu yake. Nilimweleza hivyo mbele ya mwanawe, kisha tukaanza kuzungumzia maandalizi ya kusafishwa damu.