Tunavyomuuguza Baba Salumu nyumbani Mtama, mkoani Lindi

Mume wangu alipasuliwa kichwa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar, kisha akaanza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita, pamoja na vidonge vya saratani vya temozolomaidi. Tulikaa Mbagala kwa mdogo wake. Uvimbe wake unaitwa glioblastoma, saratani ya ubongo, uko upande wa kushoto wa ubongo, na madaktari walitueleza wazi kwamba aina hiyo ina tabia ya kurudi. Tukapanda basi la kusini na mfuko wa dawa. Nataka kueleza yaliyofuata hapa nyumbani, kwa sababu kuna mwenzangu anayerudi na mgonjwa wake wiki hii na hajui ataanzia wapi.

Kwanza usingizi. Deksamethasoni, moja ya dawa zake, hupunguza maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe, kichwa kikapoa, lakini ikinywewa jioni mtu hukesha. Alikuwa anazunguka uani usiku kucha, njaa haikatiki, hasira iko karibu. Nikamuuliza daktari, akaipanga upya: asubuhi baada ya uji, na saa sita mchana. Basi usiku tukaanza kulala. Alituonya pia tusiikatishe ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo yake, na sukari ipimwe.

Kifafa kilipoanza, majirani walisema ni majini. Dua tunasoma, na nawashukuru wanaokuja kusoma nasi, ila vidonge vya kifafa havirukwi hata siku moja. Watoto wote nimewafundisha: mlaze baba ubavu, ondoa vitu karibu yake, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, iitwe bajaji, twende Nyangao hospitali.

Maneno yalimpotea zaidi ya nguvu. Anataka maji, anasema jembe. Wageni walikuwa wanamkamilishia sentensi, na nilimwona anavyoumia. Tukaweka utaratibu: swali moja kwa wakati, lenye majibu mawili, kisha tunanyamaza mpaka ajibu mwenyewe. "Baba Salumu, uji au chai?" Hata kama atachukua muda mrefu. Wageni wanakuja baada ya alasiri, wawiliwawili, na wanakaa barazani, maana kelele za watu wengi humchosha kuliko kutembea. Ndugu zake walinuna mwanzoni. Sikurudi nyuma.

Lililobadilisha siku zake kuliko dawa yoyote ni korosho. Ulipofika msimu, ndugu walitaka mambo ya shamba asiambiwe, apumzike. Nilikataa. Huyu ni mtu aliyepanda ile mikorosho kwa mikono yake. Kumfanya mgeni katika mali yake ni kumzidishia ugonjwa. Tukamwekea mkeka chini ya mti, akawa anachambua, daraja la kwanza huku, la pili kule, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umelegea. Huo wa kushoto hauna haraka lakini haukosei. Akichoka analala palepale.

Korosho zikishapelekwa ghalani kupitia chama cha msingi, Salumu huleta stakabadhi na kumwekea babake mkononi. Baada ya mnada huja kumwambia bei. "Baba, hela ya salfa, dawa ya mikorosho, tuiweke kando sasa hivi au tulipe ada kwanza?" Siku ile alikaa kimya kirefu, kisha akasema: "Salfa." Tukafanya alivyosema. Yule binti yetu mdogo, aliyekuwa akimwogopa babake tangu alipoanza kufoka, siku hizi hukaa naye mkekani na kumhesabia magunia kwa sauti.

Kuhusu anayeuguza: mimi nilikuwa nazimika nikiwa nimesimama jikoni. Wifi yangu akaona, akachukua usiku wa Alhamisi na Ijumaa bila kuombwa, na mama mkwe anapika siku hizo. Wenye mgonjwa wa namna hii wagawane usiku mapema, wasingoje mmoja aanguke.

MRI nyingine, ile picha ya ubongo, inakuja korosho zikishauzwa. Nauli ya kwenda Dar tumeitenga kwenye malipo ya kwanza, na safari hii atapelekwa na kaka yake. Nimemwandikia shemeji karatasi ya dawa na saa zake, pamoja na yale maswali yetu kwa daktari, la kwanza likiwa mkono wa kulia.