Ufa wa diski ya turbini: rangi ndizo zilizonitoa kwenye mkwamo

Nilipopewa kazi ya kukadiria jinsi ufa unavyokua kwenye diski ya turbini ya gesi, mkubwa wangu aliniambia: "Chukua joto la juu kabisa, tumia kanuni ya Paris, utakuwa salama." Kanuni hiyo, yenye jina la mhandisi Paris, inakadiria ufa unakua kiasi gani kila mzigo unapopanda na kushuka. Ushauri ule unaniudhi hadi leo. Unazitupa diski nzima ambazo bado zina maisha.

Kanuni yenyewe ni nzuri, tunaitumia tangu miaka ya 1960. Kipeo kikiwa 3, nguvu inayoipiga ncha ya ufa ikiongezeka mara 2, ufa unakimbia mara 8. Ila kanuni hiyo haina saa. Kwayo, mzunguko, yaani mzigo kupanda na kushuka mara moja, wa sekunde 1 na wa saa nzima ni kitu kimoja. Kwa Inconel 718, aloi ya nikeli ya kuhimili joto, kwenye nyuzi 550 za Selsiasi hilo ni kosa kubwa, maana mzigo ukishikiliwa pale juu, oksijeni inapenya kwenye mipaka ya chembe za metali mbele ya ufa na kuidhoofisha.

Nikajaribu kuhesabu mizunguko kwa njia ya mtiririko wa mvua, ile ya mhandisi Mjapani Tatsuo Endo. Wiki karibu tatu zikapotea. Njia ile inapanga mizigo midogo na mikubwa vizuri sana, lakini inasahau kipi kilitangulia kipi, na mimi nilihitaji kujua joto lilikuwa kiasi gani mzigo ulipofika kileleni.

Basi nikachukua sampuli iliyokwisha kujaribiwa, nikaivunja ikiwa baridi, nikaiweka chini ya darubini ya kuazima. Nilishangaa. Uso wa ufa ulikuwa na mistari ya rangi: palipofunguka mapema pameungua hadi buluu, panapofuata kahawia, kisha manjano ya majani makavu, na mwisho metali inang'aa. Kila ukingo umepinda kama ukucha, katikati imetangulia kuliko pembeni. Kumbe vipimo vyangu vya pembeni vilikuwa vinanidanganya. Nikakaa na daftari la jaribio, nikapatanisha kila mstari na saa yake.

Mmoja ulikuwa mwembamba mno. Daftari likasema: kabla ya kushikilia, mzigo ulipandishwa kidogo kupita kiasi, kisha ukashushwa. Metali ya mbele ya ncha ilinyooka, ikabaki imejibana, na ule muda wote wa motoni haukuusogeza ufa sana.

Modeli mpya ikawa na sehemu mbili, ya mzunguko na ya muda, ikisoma joto kila sekunde na kuikata ya muda pale mzigo unaposhuka kutoka kileleni. Joto la tanuri usiliamini. Bandika themokapo, kile kipimajoto cha nyaya, karibu na ufa wenyewe.

Mkokotoo ulipokwisha, makadirio yaliangukia karibu na kingo za rangi, hata ule mwembamba. Nilimwita mkubwa wangu, nikampisha kwenye darubini aangalie mwenyewe.